Vidonge Thelathini vya Kulipa

Baba yangu, Mzee Muhidini, ana duka la vipuri vya baiskeli pale Ilomba, Mbeya, na kila kitu dukani mwake kina idadi. Gololi zimo kwenye makopo, kila saizi na kopo lake, na ukimwamsha usingizini ukamuuliza zimebaki ngapi, atakutajia bila kufumbua macho. Mwaka mmoja aliugua malaria katikati ya Ramadhani, akala siku nne. Sikukuu ilipopita, harufu ya pilau ikiwa bado kwenye mapazia, alizifunga siku zake nne mfululizo, akamaliza, akapangusa mikono kama mtu aliyetoka kukaza boliti. Hapendi kitu kilichopungua. Huo ndio ugonjwa wake wa kwanza. Wa pili ni kisukari.

Mimi ni binti yake mkubwa, Naima, muuguzi, inchaji wa wodi ya wanaume katika hospitali moja ya Iringa. Wanafunzi wa uuguzi wanaopita mikononi mwangu huniita Sahihi Tano, wakidhani sisikii. Jina hilo nimelitafuta mwenyewe. Nimebandika karatasi ukutani, imeandikwa kwa kalamu nene: mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Mwanafunzi asiyeweza kuzitaja kabla ya saa nne, chai ataisikia harufu tu. Nina ulimi mkali, sikatai. Dawa haina adabu. Inamuua profesa na inamuua msukuma mkokoteni, kwa hiyo sioni kwa nini mimi niwe na adabu kuishinda dawa.

Chini ya hizo tano niliongeza ya kwangu: mgonjwa arudie kwa mdomo wake. Usimuulize mgonjwa kama ameelewa. Wagonjwa wote wa nchi hii wameelewa. Mwambie ameze kitanda, atakuitikia ndiyo sista. Wewe mwambie akueleze atakavyofanya akifika nyumbani, halafu kaa chini usikilize maajabu. Nimewahi kumsikia mzee wa Mgololo akinieleza atakavyoigawia familia nzima vidonge vyake vya presha, kila mtu kimoja, asije akaonekana mchoyo.

Mwaka huu Baba alitangaza kwamba atafunga. Daktari wa kliniki yake alimshauri asifunge. Baba alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akaanza kuvutana naye kama wanavutana bei ya tairi, mpaka wakafikiana: apime sukari kila siku, afungue mara moja akiona dalili mbaya, na vile vidonge vya kushusha sukari, ambavyo kwa kawaida humeza kimoja asubuhi na kimoja jioni, abaki na cha jioni tu, wakati wa kufuturu. Cha asubuhi kiachwe mpaka mwezi uishe. Ulikuwa mpango mzuri. Mimi mwenyewe niliuidhinisha kwa simu, ingawa hakuna aliyeniomba.

Siku ya kwanza ya mfungo alinipigia. Nilikuwa wodini, mkono mmoja umeinua dripu, simu nimeibana begani, na mwanafunzi wangu Clement ananipa mkasi wakati nimemwomba plasta. Baba akauliza, hiki cha asubuhi ambacho hakukimeza, kinakuwaje. Swali nililisikia, ila sikulisikiliza. Nikamwambia avitunze tu, tutaongea, nikakata simu.

Hatukuongea. Tulipigiana simu mwezi mzima, ndiyo, nikamuuliza wamefuturu nini, Mama hajambo, mvua zinanyesha huko. Lakini lile swali kwangu lilikuwa limekwisha. Kwake lilikuwa linakua.

Haya niliyajua baadaye. Kila asubuhi alitoa kidonge kimoja kwenye pakiti yake na kukitia kwenye kopo dogo lililowahi kuwekwa viraka vya mipira. Siku thelathini, vidonge thelathini. Siku ya Ramadhani uliyoikosa unailipa, hilo hata mtoto wa madrasa analijua. Kidonge cha Ramadhani ulichokikosa, je? Hakuna aliyemwambia kwamba kimesamehewa. Binti yake, muuguzi mwenye cheo, alimwambia avitunze, na mtu hatunzi kitu cha kutupa. Tena baada ya sikukuu kuna zile siku sita za Shawwal ambazo wenye nguvu huzifunga kwa hiari. Thelathini gawa kwa sita ni tano, wala hakibaki kipande. Hesabu ilipokaa vizuri namna ile, Baba aliamini kuna mkono wa Mungu ndani yake.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya sita alikula daku, akameza vitano vya kulipa, akatia nia, akaenda dukani. Vidonge vitano vya kushusha sukari, kwa mzee wa miaka sabini na moja, ambaye hatakula kitu mpaka jua lizame. Kama mwanafunzi angeniletea dozi hiyo kwenye karatasi ningeichana, na yeye mwenyewe ningemtafutia kazi ya kuuza karanga. Mchana wake alianza kutetemeka. Mteja aliyetaka pedali akapewa tandiko. Mbeya ilikuwa kwenye masika, watu wamevaa makoti, yeye jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Mama alipouliza, alijibiwa kwamba saumu ndivyo ilivyo. Futari ilimuokoa. Alfajiri iliyofuata akameza vingine vitano.

Saa nane mchana simu yangu ikaita. Mama, Mwanakhamisi binti Faraji, hana kawaida ya kunipigia saa za kazi. Alisema Baba amelala juu ya matairi dukani, anaongea maneno yasiyoeleweka, na sasa hata hayo ameacha. Nikauliza kama ana jasho. Amelowa, akasema. Nikamwambia achukue asali.

"Amefunga, Naima," akasema.

Asubuhi ile Baba alikuwa amemwonya kwamba atakayemfunguza saumu yake ataulizwa na Mungu. Mama ameishi naye miaka arobaini na miwili. Anamwogopa Mungu na anauogopa mnuno wa Baba, na sina hakika kipi kinatangulia. Nilisema maneno ambayo mengine siwezi kuyaandika. Yanayoandikika ni kwamba asipomfunguza yeye, nitakuja mwenyewe kuwafunguza Ilomba nzima.

"Mlaze ubavu," nikamwambia. "Usimmiminie kitu mdomoni, kitampalia. Chovya kidole kwenye asali, mpake kwenye fizi, rudia tena na tena. Dhambi niandikieni mimi."

Akampaka. Jirani yao Crispin, fundi wa kuchomelea, akamtia kwenye bajaji na kumkimbiza kituo cha afya. Huko walimpima, sukari ikasoma moja nukta sita. Mtu mwenye sukari hiyo hajalala, anaondoka. Wakamtundikia dripu ya sukari, na baada ya robo saa Baba akafumbua macho, akaangalia dari, akauliza nani amemfunguza.

Mama aliniwekea simu karibu naye ili nimsikie akigomba. Nilikuwa nimejifungia stoo ya dawa, nimekaa juu ya boksi la glavu, nikalia kama mtoto. Nilifurahi mpaka nikawa mjinga. Baba alikuwa anataka kwenda nyumbani, Mama anataka kumpeleka nyumbani, na mimi, Sahihi Tano, nikasema basi, kama anagomba amepona, mrudisheni akapumzike.

Kuna mtu akaichukua simu kutoka kwa Mama. "Shikamoo sista. Haendi."

Nikauliza naongea na nani.

"Atuganile. Ulinifundisha Iringa."

Nikamkumbuka. Binti wa Tukuyu, mpole, miaka mitatu nyuma. Nilimfukuza wodini mbele ya wagonjwa kwa sababu alimruhusu mzee mmoja aende na mfuko wa dawa baada ya kumuuliza umeelewa babu, babu akasema ndiyo. Alikwenda kulia kwenye chumba cha mabeseni, na mimi nikamfuata hukohuko kumalizia.

"Sukari imepanda kwa sababu ya dripu yangu," akasema. "Sio kwamba kapona. Sijajua alimeza nini. Mpaka nijue, hatoki hapa."

Nilikasirika. Nasema ukweli, nilikasirika kwanza, nikatafuta neno la kumrudisha kwenye nafasi yake, na nilipolitafuta nikagundua kwamba nafasi yake ni pale aliposimama, na aliyetoka kwenye nafasi ni mimi. Kwa dakika ile nilikuwa mtoto wa mgonjwa, na watoto wa wagonjwa ndio huwa nawafukuza wodini kwa sababu hawana akili.

Atuganile hakumuuliza Baba kama anameza dawa vizuri. Angemjibu ndiyo. Alivuta kiti, akamwambia mzee wangu, hebu nionyeshe ulivyofanya tangu ulipoamka jana. Ukimwomba Baba akueleze utaratibu, umempa zawadi. Alieleza kila kitu, kwa fahari, akatoa lile kopo kwenye mfuko wa koti, akamwambia vimeshalipwa kumi, vimebaki ishirini, kesho ni vitano vingine. Atuganile akavihesabu mara mbili. Kisha akatoka nje kunipigia, akanisimulia yote, mpaka lile neno langu la kutunza.

Vidonge vile, kwenye mwili wa mzee, havimalizi kazi kwa saa moja wala mbili. Vinaweza kushinda naye siku nzima na kuendelea, vinashusha kila kinachopanda. Hilo nalijua, nimelifundisha. Kabla jua halijazama sukari yake ilianguka tena, ikafika mbili nukta moja, dripu ikiwa bado inatiririka, wakati anamsimulia Atuganile habari za baiskeli alizokuwa akiuza Chunya enzi za ujana wake. Aliacha sentensi katikati. Atuganile alikuwa pale, sindano yake ya sukari tayari. Kama wangenisikiliza mimi, angekuwa kitandani kwake, na Mama angemfunika blanketi akidhani amesinzia.

Niliondoka Iringa na basi la alfajiri. Njia nzima nilikuwa natunga mhadhara. Nilipofika Makambako ulikuwa na sehemu tatu, na tulipopita Chimala nilikuwa nimeshautilia mifano. Nilikusudia kumwambia kuhusu kutoa dawa kwenye pakiti yake, kuhusu kujipangia dozi, kuhusu kufunga zile sita bila kumwambia daktari. Mhadhara mzuri sana, ungewaliza wanafunzi wa mwaka wa tatu.

Nilimkuta ameketi, mashavu yamebonyea, kofia imekaa sawa. Kopo lilikuwa chini ya mto wake. Atuganile alikuwa amemwomba mara mbili alikabidhi, akakataa kwa upole. Alisema hawezi kutoa kitu ambacho hesabu yake haijafungwa. Nikamwamkia, akaitika. Nikaanza. Sehemu ya kwanza aliniangalia. Ya pili akafumba macho, vidole vikaanza kutembea kwenye tasbihi. Nilipofika katikati ya mfano wa nne akanikata.

"Nimeelewa, mwanangu."

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Nikamwomba anieleze atakavyofanya akifika nyumbani.

Baba akafikiri. "Nitapumzika wiki moja, nguvu zirudi," akasema. "Halafu nitavimalizia. Sio vitano, nimeona vitano ni vingi. Vinne vinne."

Atuganile, aliyekuwa anapima presha ya mgonjwa wa pembeni, aliinamisha kichwa. Hakuniangalia, na nilimshukuru kwa hilo. Nilikuwa nimesafiri saa sita kuja kumwokoa baba yangu, na baada ya mhadhara wangu wote alikuwa bado anapanga kujiua, kwa adabu, na kwa hesabu inayogawanyika.

Hapo nikaacha uuguzi. Nikamshika mkono ule usio na dripu.

"Baba, siku ya kwanza ya mfungo uliniuliza vidonge vya asubuhi vinakuwaje. Lilikuwa swali zuri. Nilikuwa na haraka, nikakwambia vitunze, tutaongea, na sikuongea. Jibu lake ni hili. Kidonge ulichokikosa kwa ruhusa ya daktari hakilipwi. Siku yake ikipita, nacho kimekwenda. Kosa ni langu. Wewe hudaiwi."

Akafumbua macho. "Hakilipwi?"

"Hakilipwi."

"Hata kimoja?"

"Hata nusu."

Akalitoa kopo chini ya mto, akalitikisa kidogo, vikalia. Alionekana kama mtu aliyebeba gunia kilomita kumi halafu akaambiwa halikuwa na mwenyewe. Akauliza kwa nini. Sikumtajia ini wala figo. Nikamuuliza, gurudumu linalokaa gololi kumi, likitembea jana na tisa, leo utalitia kumi na moja ili kufidia?

"Litakwama," akasema papo hapo. "Litakula ekseli."

"Basi."

Mimi nilikuwa nalia tena, jambo ambalo Atuganile hakuwahi kuliona na nadhani alilifurahia kwa kiasi chake. Kisha Baba akamwita, akampa kopo, akamtaka ahesabu mbele yake. Ishirini. Virudishwe duka la dawa la kituo, akasema, na mtu wa huko naye ahesabu. Atuganile akakubali, akaondoka navyo. Nilimfuata mlangoni nikamwomba radhi kwa siku ile ya chumba cha mabeseni. Akasema alishasahau, uongo mtupu, na tukauacha hivyohivyo.

Niliporudi kitandani, Baba alikuwa amekunja uso wa dukani.

"Umesema mimi sidaiwi."

"Hudaiwi, Baba."

"Ila wewe unadaiwa. Swali langu umelikalia siku thelathini. Utanipigia simu siku thelathini, na tutaongea. Hebu rudia."

"Nikupigie siku thelathini."

"Na ukinipigia, mkono umeshika nini?"

"Sijashika kitu."

Nililipa. Kila siku saa nne, saa ile ile ninayowanyima wanafunzi chai, nilitoka nje ya wodi nikasimama karibu na kamba za kuanikia mashuka nikampigia. Alinitajia sukari ya asubuhi, akanitajia kidonge alichomeza na kilichobaki kwenye pakiti yake, ndani ya pakiti yake, kisha akanitaka nirudie. Nikikosea nilianza upya. Siku ya kumi na mbili nilimpigia huku najaza ripoti. Akasikia karatasi, akasema ya leo haihesabiki, akakata. Clement na wenzake walianza kutokea dirishani kuangalia inchaji wao akisomeshwa. Sikuwafukuza. Siku hizi chai wanakunywa kwanza, sahihi tano zinafuata, na zinaingia vizuri zaidi, ingawa sipendi kulikiri hilo mbele yao.

Siku ya mwisho Baba alisema nimemaliza, sina ninachodaiwa, akanitakia kazi njema.

Kesho yake saa nne nikatoka nje, nikapiga.

Akauliza kama nimepotea hesabu.

"Hapana," nikamwambia. "Hii ni sunna."

Upande wa pili nilisikia gololi zikimiminwa kopo hadi kopo, taratibu, na mteja akiuliza kitu bila kujibiwa.

"Sukari ya leo saba," Baba akasema. "Rudia."

"Saba, Baba."